Silaha ya Mgeni Mlangoni

Mzungu yule alishuka melini Bukoba akiwa ameshaonywa. Wenzake walianza kumpa mashauri ya usalama tangu akiwa safarini, na waliomkuta mjini wakamalizia yaliyosahauliwa. Usinywe maji yasiyochemshwa. Usikae umeupa mlango mgongo. Usinywe pombe ya wenyeji, na ukilazimika, gusisha mdomo tu. Usioneshe kwamba unaogopa, maana wakijua umeogopa wamekumaliza. Na juu ya yote, bunduki isikae mbali na mkono wako. Haya alinieleza mwenyewe siku nyingi baadaye, tulipokuwa tumeshazoeana, tena aliyasema bila kucheka. Mimi ndiye niliyecheka, halafu nikakumbuka yaliyotokea nikaacha.

Jambo moja tu hawakumshauri: afanye nini na hiyo bunduki akifika mlangoni kwa mtu. Siwalaumu. Wangejuaje, na wao walikuwa hawajawahi kuingia mlango wa mtu? Wakija vijijini walisimama uani, wakatuita tutoke.

Alikuwa kijana, pengine tulilingana umri, mwenye shingo nyekundu na adabu nyingi. Serikali ya Mwingereza ilimleta awe bwana wa kahawa, maana yake azunguke vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba na kahawa, aitazame miti iliyopandwa na babu zao, kisha awafundishe namna ya kuitunza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Kaagya. Shule ilikuwa imefungwa, na kwa kuwa nilisemekana kuwa na Kiingereza kinachosikika, nikachukuliwa niwe mkalimani wake. Kihaya alikuwa hajui hata neno la salamu, na Kiswahili alichojifunza melini kilikuwa cha kuagizia chai.

Tulitoka Bukoba kwa baiskeli, tukaiacha Hamugembe na migomba yake, tukashika njia ya Muleba. Wapagazi walikuwa wametangulia na hema, kitanda, na chujio la maji. Yeye alibaki na bunduki mgongoni. Kila tulipopita kijiji wanawake walipiga magoti kando ya njia kumwamkia, kama ilivyo desturi, naye kila mara aliwatazama mikono. Nilidhani anastaajabia heshima. Kumbe alikuwa anachunguza kama wanaokota mawe.

Mvua ilitukuta kabla ya kufika Muleba, mvua yetu ile inayotoka ziwani bila kubisha hodi. Njia ikageuka utelezi, baiskeli zikawa ndizo zinazobebwa badala ya kutubeba. Kambi ilikuwa mbali bado, lakini kwetu, nyumbani kwa baba yangu, kulikuwa karibu. Nikamwambia bwana tulale kwa wazazi wangu. Alinitazama, akaitazama mvua, akakubali. Nilifurahi kupita kiasi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mimi nilikuwa namletea baba mgeni ambaye kijiji kizima hakijawahi kumpata.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo mtu atadhani baba yangu alikuwa mwendawazimu, kama walivyodhani wengine.

Kwetu mgeni akija na mkuki, au panga, au silaha nyingine yoyote, haingii nayo ndani. Anaiegemeza kwenye mhimili wa mlango. Mwenye nyumba anaichukua kwa mikono miwili, anaiingiza, anailaza upande wa kichwa cha kitanda chake mwenyewe. Hakuna maneno yanayosemwa. Kuanzia hapo uhai wako uko juu yake. Ukiguswa na mtu ndani ya kibanja chake, yeye ndiye atakayeulizwa. Ukiisha kula na kuaga, anakusindikiza na silaha yako hadi kwenye mulamula, ule mti tunaoupanda mpakani, na pale ndipo anakurudishia, mkono wake kwa mkono wako. Hairudishwi uani, maana kumpa mtu mkuki wake uani ni kumwambia kuna adui humu, jitazame. Hapewi mtu mwingine ampelekee, maana aliyeipokea ndiye anayejibu.

Na kuna jambo moja baya kuliko yote, nililolishuhudia mara moja tu nikiwa mdogo. Jirani aliyekuwa amemtolea babu yangu ushahidi wa uongo katika kesi ya mpaka alikuja kwetu kwenye msiba. Akaegemeza mkuki. Babu akautazama, asiuguse, akamwambia, "Ingia nao." Basi. Yule mtu akaingia, akaketi na mkuki wake katikati ya magoti, akapewa chakula, akasalimiwa na kila mtu vizuri sana. Hakuna aliyempandishia sauti. Lakini kila mtu aliyekuwamo alijua kwamba mwenye nyumba amekataa kumlinda, na ambaye mwenye nyumba amekataa kumlinda ni mtu wa porini hata akiwa amekalia kiti. Hakumaliza mwaka pale kijijini. Alihamia upande wa Karagwe, na hakuna aliyemfukuza.

Sasa turudi mlangoni. Mzungu wangu alikuwa amelowa hadi kwenye mifupa. Alipoona nyasi safi zilizotandikwa ndani, adabu zake zikamwambia avue viatu. Akaiegemeza bunduki kwenye mhimili, akainama kuhangaika na kamba za viatu zilizovimba kwa maji. Baba akatoka. Aliitazama ile bunduki kwa muda. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mtu mrefu wa maneno machache, na katika maisha yake yote hakuwahi kugusa bunduki. Alizoziona zilikuwa mabegani mwa watu waliokuja kudai kodi. Lakini mgeni ni mgeni na silaha ni silaha. Akainyanyua kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga wa mtu mwingine, akapita nayo ndani.

Mimi niliyaona hayo yote nikiwa nimesimama palepale, na sikusema neno. Ningesema nini? Mtu hatangazi kwamba jua limechomoza. Nilichofikiri, na nakumbuka vizuri sana, ni kwamba mzungu huyu kumbe ana malezi, ameegemeza mwenyewe bila kuambiwa.

Jioni ile ilikuwa nzuri. Mama alichinja kuku. Baba alimpa mgeni punje za kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, naye akazitafuna kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Akaletewa lubisi ya ndizi, ambayo kanisa lilikuwa bado halijaamua kama ni pombe au chakula, naye akaigusisha mdomoni tu. Baba aliuliza habari za wazazi wake, kama wako hai, kama wana migomba. Nilitafsiri. Alijibu kwamba wako hai, na migomba hawana. Baba akasikitika kwa dhati, akasema, "Ndiyo maana wamemwacha aje mbali hivi." Tukalala.

Yaliyofuata nilikuja kuyapata vipande vipande, kutoka kwa mama na kutoka kwa mzungu mwenyewe. Alipokuwa analala alitafuta bunduki, hakuiona. Badala ya kuuliza, akakumbuka shauri la kutoonesha woga. Akajilaza amefumbua macho, akisubiri waje. Upande wa pili wa ukuta wa matete baba yangu naye alikuwa amefumbua macho, maana alikuwa amesikia kwamba bunduki huweza kulia yenyewe, na hii ilikuwa imelazwa karibu na sikio lake. Watu wawili wakalala macho, kila mmoja akiogopa bunduki ileile, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi cha kupitisha pumzi.

Kulipokucha mgeni hakuwepo. Viatu vyake havikuwepo, baiskeli haikuwepo. Mama alikuwa ameshaweka ndizi jikoni. Alisimama na ungo mkononi akitazama njia, machozi yakimlenga, maana mgeni anayeondoka bila kula amesema jambo kubwa juu ya mpishi.

"Tata," nikamwambia baba, "pengine ametangulia kambini. Nipe bunduki nimpelekee."

"Silaha ya omugenyi haipelekwi na mtoto."

"Basi twende wote."

"Nimfuate mgeni njiani nikiwa nimebeba bunduki? Watakaoniona watasema ninamsindikiza, au watasema ninamwinda?" Akatikisa kichwa. "Atarudi. Mtu anaweza kusahau kuaga. Silaha yake hasahau."

Kwa akili ya kwetu hakukosea hata neno moja. Nikapanda baiskeli peke yangu hadi Muleba. Nikawakuta wapagazi wamesimamisha hema, wamechemsha maji, wanasubiri. Bwana hawajamwona. Kumbe alikuwa ameelekea upande mwingine, akapata lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi lililokuwa linarudi mjini, na kabla jua halijawa kali alikuwa kituo cha polisi Bukoba, akieleza kwamba ameibiwa bunduki na mzee mmoja mrefu na kwamba ameponea chupuchupu.

Niliporudi nyumbani nikakuta sajini na askari wake wameshafika. Sajini alikuwa mtu wa mbali, wa Tabora huko, mnene, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Mama, ambaye hakujua walichofuata, alikuwa ameshawapa lubisi kama wageni wengine wowote. Bunduki zao zilikuwa begani; hawakuegemeza. Baba aliliona hilo, nami niliona kwamba ameliona.

"Mwalimu," sajini akaniambia, "mwulize mzazi wako bunduki ya bwana iko wapi."

Nikauliza.

"Ipo," baba akasema. "Imelala vizuri."

"Ailete."

"Mwulize kama yeye ndiye aliyeiacha mlangoni kwangu."

"Mwambie mimi nimetumwa."

"Waitu," baba akasema, kwa neno letu la heshima, "basi arudi amwambie aliyemtuma kwamba chakula chake kimepoa. Aje ale, aage, nimsindikize. Nitampa mkononi."

Nilitafsiri kila neno, na kila neno lilipotoka kinywani mwangu kwa Kiswahili lilikuwa linageuka ukaidi. Nikajaribu kueleza desturi. Sajini alinisikiliza kwa upole. "Mwalimu," akasema, "hata kwetu zipo desturi. Lakini mimi nimetumwa bunduki, sikutumwa desturi."

Wakapekua. Walipindua vitanda, wakachokoa paa kwa mikuki yetu wenyewe, wakamwaga maharage. Hawakuipata. Sajini akachoka, akaketi uani juu ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, ule wa gogo tunaotengenezea pombe, uliokuwa umefunikwa kifudifudi, akaomba lubisi tena. Mama akamletea akiwa amepiga magoti, macho yake hayaondoki kwenye viatu vya sajini. Bunduki ilikuwa humo chini, imezungushiwa nguo ya mtoma, shuka la gome la mti ambalo mama aliolewa nalo. Baba alikuwa ameihamishia pale asubuhi kwa sababu wajukuu walikuwa wanaingia na kutoka chumbani. Serikali iliketi juu ya bunduki yake, ikanywa, ikashukuru, kisha ikamfunga baba yangu kamba mikononi na kuondoka naye.

Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi. Ningemkasirikia sajini, lakini aliifunga ile kamba kwa kuilegeza, na mpakani akamwacha baba asimame kidogo atazame nyuma. Ningemkasirikia baba, ambaye angeweza kusema neno moja na kubaki nyumbani. Mama ndiye aliyenizuia. "Usimsumbue," akasema. "Akimpa asiyekuwa mwenyewe, nani tena ataegemeza mkuki mlangoni kwetu?"

Kwa hiyo nikaenda kwa mzungu. Alikuwa anakaa katika moja ya nyumba za serikali karibu na ziwa, na alinipokea kwa furaha iliyonishangaza, alidhani nimeponyoka. Alinishika mkono, akauliza kama nimeumia. Niliketi, nikamweleza yote: mhimili wa mlango, kitanda cha baba, mulamula, chakula cha mama kilichopoa. Kadiri nilivyoeleza wekundu ulipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Kisha akasema, "Yaani usiku ule mimi ndiye niliyekuwa nalindwa?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na yeye yuko mahabusu?"

"Ndiyo, Bwana."

Alisimama palepale akavaa kofia. Nataka ieleweke kwamba alikuwa mtu mwema. Hadithi hii ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya, na mimi ningeimaliza mapema. Alikwenda kwa mkubwa wa polisi, akabishana naye hadi nje tukasikia, akatoka na ruhusa: mzee apelekwe nyumbani chini ya ulinzi, bwana naye aende, bunduki irudi, mambo yaishe. Nilimshukuru kwa lugha zote nilizokuwa nazo.

Tukaenda kwa gari la polisi. Baba aliketi nyuma kati ya askari, amenyooka, hajafungwa. Tulipofika alishuka kwanza, akaingia ndani ya nyumba yake, kisha akatoka mlangoni kumpokea mgeni kana kwamba mgeni ndiye anayefika na yeye hakutoka popote. Mama alikuwa amepika. Safari hii mzungu alikula kila kitu. Alitafuna kahawa, akanywa lubisi hadi chini ya kibuyu, akaaga kwa Kihaya nilichomfundisha njiani, vibaya sana, na mama akapiga kigelegele.

Baba akainuka, akaenda kwenye mtumbwi, akaupindua. Sajini wetu, ambaye naye alikuwepo, alipoona kilichotoka chini yake alitazama pembeni akajikohoza. Baba akaifungua ile nguo ya mtoma, akaibeba bunduki kwa mikono miwili, akatangulia. Tukamfuata kupitia migomba hadi mpakani. Pale kwenye mulamula akageuka, akamnyooshea mzungu silaha yake.

"Mwambie," akaniambia, "hakuna aliyekugusa."

Nikamwambia. Mzungu akaipokea, akiwa na haya. Halafu mikono yake, kwa mazoea tu, naamini kwa mazoea tu, ikafungua chemba ya bunduki ikatazama kama risasi zipo. Zilikuwepo.

"Anatazama nini?" baba akauliza.

"Anatazama jinsi ilivyotunzwa vizuri, Tata."

Baba akaridhika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Nilidhani yamekwisha. Sote tulidhani, hata sajini, ambaye alimpa baba mkono. Lakini alikuwa pia na kazi yake, na kazi yake ilikuwa kumrudisha mzee Bukoba hadi shauri lifutwe rasmi.

Shauri la wizi lilifutwa kweli. Mzungu aliyesikiliza kesi, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya upole, alisema kwamba ni dhahiri mzee huyu si mwizi, na akaisifu desturi yetu kwa maneno mazuri ambayo nilimtafsiria baba moja baada ya jingine. Kisha akageuza karatasi. Akasema limebaki jambo dogo. Sheria inamkataza mwenyeji kukaa na bunduki bila kibali. Je, mshtakiwa alikuwa na kibali?

Baba hakuwa na kibali.

Je, alikaa nayo?

Hapo ndipo bwana wangu wa kahawa alipoitwa. Alisimama, akaapa, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, aliyekuja kumtetea baba yangu, alisema kweli tupu. Ndiyo, mzee huyu aliitunza bunduki kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo, ilikuwa na risasi, na haikukosekana hata moja. Aliipokeaje? Kutoka mkononi mwa mzee mwenyewe. Ana hakika? Ana hakika kabisa. Alimpa kwa mikono miwili.

Nikatafsiri. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Niliposema "kwa mikono miwili" baba aliinamisha kichwa kidogo, akafurahi kwamba mgeni aliliona hilo, kwamba pamoja na ugeni wake wote aliona jinsi alivyopewa. Alikuwa bado na furaha hiyo usoni nilipomtafsiria hukumu.

Kama angeitupa ile bunduki ziwani, wasingekuwa na cha kumshitakia. Kama angekuwa mwizi kweli angelala kwake. Mpaka leo nikilifikiria hilo damu inanichemka, na mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye. Mzungu wangu alipinga mahakamani hadi akaambiwa akae. Nje alinishika bega akalia, na mimi nilimbembeleza, mimi ambaye baba yangu ndiye aliyekuwa anapelekwa gerezani. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Waliotunga methali hawakuwa na mkalimani.

Baba alifungwa kahawa ikiwa inachanua, akatoka tunaianika. Walimpa kazi ya kuponda mawe ya barabara. Alirudi amenyolewa, amekonda, na mikono yake, ile mikono miwili, ilikuwa imepasuka hadi hakuweza kumenya ndizi. Hakulalamika. Jumapili alikwenda kanisani akaketi nyuma, mahali ambapo wazee wa kanisa hawaketi. Watu walikuja kumpa pole, wakaegemeza fimbo na mikuki yao mlangoni, naye akaipokea yote kama kawaida. Nilimwona akiipokea kwa vidole vilivyopasuka na nikajiambia hakuna kilichobadilika.

Kisha mzungu akaja. Alikuja bila kuitwa, kwa baiskeli, mimi nikiwa naye, amebeba sukari na blanketi jipya. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa ameapa hataibeba tena katika nchi hii, na wenzake mjini walikuwa wanamcheka. Alikuwa na fimbo tu, ya kutembelea, yenye kichwa cha shaba. Njia nzima alinirudisha kwenye desturi: mhimili upi, mkono upi. Tulipofika alivua viatu. Akaisimamisha ile fimbo kwenye mhimili kwa uangalifu mkubwa, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri.

Baba akatoka mlangoni. Akamtazama mgeni, akaitazama fimbo. Mama alikuwa nyuma yake na nilimwona akifumba mdomo kwa kiganja. Baba hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Alionekana kuchoka tu.

"Mwambie aingie nayo," akasema.

Niliyasikia maneno hayo nikawa mtoto tena, pale msibani. Nikamtazama baba nikidhani atabadilisha. Hakubadilisha. Nikatafsiri, na kwa Kiingereza yalikuwa maneno mazuri kabisa, hayana kosa.

Uso wa mzungu ukachangamka. "Niingie nayo? Kweli?" Akaichukua fimbo yake akaingia, akaketi na fimbo katikati ya magoti. Alipewa kahawa akatafuna, safari hii bila kukunja uso. Alipewa chakula akala. Baba alimwuliza habari za wazazi wake, akapokea blanketi, akashukuru. Kila kitu kilikwenda vizuri sana. Alipoaga, baba alimuaga hapohapo mlangoni, na ni mimi niliyemsindikiza.

Tulipita migomba hadi mpakani. Pale kwenye mulamula alisimama, akageuka kuitazama nyumba, akagonga ardhi na ile fimbo yake kwa furaha. Akaniambia ameelewa maana yake: mzee sasa anamwamini kiasi kwamba haoni haja ya kumpokonya chochote mlangoni. Kisha akanishukuru kwa yote niliyomfundisha, akasema kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu ashuke melini, anajisikia yuko salama.